Pembe Nne za Jamvi

"Mtu aliyeshindwa kunisubiri mstari mmoja," alisema baba, "atamsubirije binti yangu maisha yake yote?"

Alisema hivyo Alhamisi jioni, mbele ya wazee wawili waliotumwa kuniposa, wala hakupandisha sauti. Kwanza aliwakaribisha, akawapa mihogo ya nazi na chai ya mdalasini, akangoja mpaka kila mmoja akafunika kikombe chake kwa kiganja. Ndipo akakataa. Baba yangu, Mzee Mbonea, hakuweza kumkatalia jambo mtu mwenye njaa.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kanga yangu kwa meno. Walipotoka, mmoja wao, Koplo Shekiondo wa polisi ya Wete, alinikuta uwani nasuuza vikombe.

"Mwanangu," alininong'oneza, "nimewahi kukamata mwizi mwenye panga. Sikuogopa kama nilivyomwogopa babako leo na birika lake la chai."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Koplo alikuwa mtu mnene, mwimbaji wa sauti ya nne, na alijua kumfanya mtu acheke pale ambapo kucheka ndiko kulikomfaa. Akanipa leso yake, akaondoka bila kuidai.

Yalikuwa mavuno ya karafuu ya mwaka wa sitini. Tuliishi Mgogoni, katika shamba la Bi Mwatum. Baba alikuja Pemba kutoka milima ya Upare akiwa kijana, kwa nia ya kuchuma msimu mmoja kisha arudi. Akaoa, akabaki, na mama yangu amezikwa huko huko Mgogoni. Siku moja baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu, mguu ukavunjika, ukaunga vibaya. Wengine wangemfungisha virago. Bi Mwatum alimwambia, "Asiyeweza kupanda aweza kutazama," akamfanya msimamizi wa uwanja wa kuanikia. Tangu hapo hakuna aliyetandika wala kukunja jamvi bila neno la baba.

Sisi Walutheri wa huko tulikuwa wachache: askari, wauguzi, wachumaji wa kutoka bara. Kanisa hatukuwa nalo. Bi Mwatum, Mwislamu aliyezaliwa hapo na babu zake wakazaliwa hapo, alitufungulia ghala lake kila Jumapili. Jumamosi jioni husogeza magunia upande mmoja akafagia yeye mwenyewe, mwanamke wa umri ule. Tukimshukuru hutujibu, "Hebu nendeni zenu. Watu wamtaja Mungu, nami niwafungie mlango wa ghala?"

Mchungaji alikuja mara chache, kwa meli, kutoka Tanga. Asipokuwepo, baba ndiye aliyeongoza ibada, na baba ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kuanzisha wimbo kwetu ilikuwa kazi ya heshima. Kitabu chetu kilikuwa na maneno matupu, hakina noti, kwa hiyo tuni ilikaa kifuani mwa mwanzishaji. Akiinua yeye, wote hufuata.

Ndipo akaja Rwezaula.

Alikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, mtoto wa Bukoba, mrefu, mwenye mikono safi isiyotulia. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo akizungumza na pana sana akiimba. Alikusanya vijana, akawagawa sauti nne, akawafundisha mpaka wachumaji waliokuwa wakipita njia wakasimama kusikiliza. Mimi aliniweka sauti ya pili. Akatoa mlio kwenye kifilimbi chake kidogo, akanitazama ili niupokee, na mimi nikasahau kufungua mdomo. Ndivyo ilivyoanza. Nisidanganye kwamba ilianza kwa jambo kubwa zaidi.

Siku ya Pentekoste mchungaji alikuwepo. Baba alianzisha ule wimbo mkubwa wa Matengenezo ya Kanisa, ambao Mlutheri wa mahali popote anaujua. Aliuanzisha kwa tuni ya Upare, polepole, na mwisho wa mstari wa kwanza akasimama, kama ilivyo kawaida yake. Rwezaula hakuijua kawaida hiyo. Alidhani mzee amesahau maneno. Akaingia haraka na mstari wa pili ili kumsaidia, na aliyoingia nayo ni tuni ya kwao Bukoba. Kwaya ikamfuata yeye, wazee wakamfuata baba. Maneno yale yale, njia mbili, ghala moja. Mchungaji alijifunika mdomo kwa kitambaa. Baba alifunga kitabu, akakaa, na tangu siku ile hakuanzisha wimbo tena.

Rwezaula aliona amemshika mkono mzee aliyejikwaa. Baba aliona amesukumwa mbele ya mgeni. Na mimi nilikuwa nawapenda wote wawili.

Sasa Jumapili ya Matengenezo ilikuwa imekaribia, na barua ya uhamisho ilikuwa imekwisha kumfikia Rwezaula. Jumanne angepanda meli kwenda kufanya kazi Unguja.

*

Jumamosi asubuhi Bi Mwatum alinikuta uwanjani nageuza karafuu juu ya majamvi ili jua lizifikie upande wa pili.

"Hizo karafuu zimekukosea nini wazipiga hivyo?"

"Sizipigi, bibi. Nazigeuza."

"Kama wazigeuza basi mimi n'kiongozi wa kwaya." Akajikalisha kwenye kigoda, akaanza kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwa vidole vyake vyembamba. "Wamtaka kweli yule dresa?"

Niliinamisha kichwa. "Namtaka, bibi."

"Hata akenda Unguja?"

"Hata akienda."

"Na babako wamtaka?"

"Ni baba yangu. Nitaachaje kumtaka?"

"Basi usichague." Alitupa makonyo kwenye pakacha. "Mwenye kuchagua baina ya mkono wake wa kulia na wa kushoto hula kwa tabu. Babako hakumkataa mtu, kakataa haraka yake. Na yule kijana si mbaya. Nshamtazama. Kila akija, baiskeli yake huitia kule nyuma ya banda, isitupe kivuli juu ya karafuu zangu. Hakuna aliyemwambia. Mtu anayeona jua la mwenziwe, huyo hajaharibika."

"Baba hataki kusikia, bibi."

"Nani kasema asikie? Kaa imara tu, mwanangu. Maji hayakupasua mwamba kwa kupiga kelele."

Nilikuwa bado na maneno yale kichwani nilipoona baiskeli ikizunguka nyuma ya banda. Rwezaula alikuwa amewatangulia wenzake wa kwaya. Alisimama upande wa pili wa jamvi, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Usiku ule hakulala, nilijua, maana kola ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi upande mmoja tu.

"Nakundwa."

Hakuna aliyelitamka jina langu kama yeye. Kwa Kipare maana yake ni yule anayependwa, na yeye aliweka pumziko dogo katikati, kama anayetazama kwanza kama kweli amepewa ruhusa.

"Umekula?" nilimwuliza.

"Sijaja kula."

"Sikukuuliza ulichokuja kufanya."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Mzee Shekiondo ameniambia yote. Nakundwa, sikiliza. Jumanne napanda meli. Unguja kuna Wakristo wengi, kuna mchungaji, kuna dada yangu ameolewa pale. Utakaa kwa dada yangu kwa heshima. Tutafunga ndoa, halafu tutamwandikia baba yako. Moyo wake utalainika akishaona—"

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Umemaliza. Nitoroke?"

"Sikusema kutoroka."

"Ukimchukua mtoto wa mtu, mzazi akiwa amelala, unaiitaje huko Bukoba?"

Alitazama chini. Karafuu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya kahawia, na harufu yake ilikuwa kali kiasi cha kumtoa mtu machozi, jambo lililonifaa asubuhi ile.

"Basi unaniacha," alisema.

"Sijasema hivyo pia. Sitoroki, na sikuachi. Hayo yote mawili yaweke moyoni mwako, usibebe moja ukaliacha jingine."

"Nimemwomba radhi mara ngapi? Pale pale Pentekoste nilimwomba. Nikaja tena nikamwomba. Ananiita 'dresa', ananipa chai, ananiuliza habari za wagonjwa. Ni kama kuzungumza na mlango uliopakwa rangi nzuri."

"Uliomba radhi kwa lipi?"

"Kwa kuanza mapema."

"Kwa nini ulianza mapema?"

"Kwa sababu alisimama." Alikuwa amechoka, na uchovu ukamfanya aseme alichokuwa akificha. "Nakundwa, ile tuni inasimama kila mstari. Unaimba, unasimama. Unaimba, unasimama. Wimbo wa ushindi wa imani hauendi hivyo. Nilidhani ni uzee."

"Umewahi kumwuliza kwa nini inasimama?"

Alizungusha kofia mikononi. Hata mimi sikuwahi kumwuliza. Nilizaliwa nikaukuta wimbo unasimama, nikadhani nyimbo zote ndivyo zilivyo.

Alinyosha mkono juu ya jamvi, akaokota karafuu moja iliyonasa kwenye nywele zangu. Hakunigusa. Aliitazama ile karafuu, akaitia mfukoni mwa shati.

"Hiyo ni mali ya Bi Mwatum," nilisema.

"Namwona," alisema Bi Mwatum kutoka kwenye kigoda, bila kuinua macho. "Aende nayo. Asirudi kuomba gunia."

*

Kwaya ilifika, mazoezi yakaanza ghalani. Baba alibaki nje, ameketi juu ya gunia, akitazama majamvi yake. Ghala lilikuwa juu kidogo na uwanja ulikuwa chini, katikati kuna mteremko wa udongo mwekundu. Kutoka mlangoni nilikuwa namwona mgongo. Tulipoimba hakugeuka, lakini mwisho wa kila mstari, pale ambapo tuni yake ingesimama, kichwa chake kiliinama kidogo, kisha kikainuka kama anayetafuta pahali alipoachwa.

Tulikuwa katika ubeti wa tatu baba aliposimama wima.

"Anueni," alisema.

Hakupiga kelele. Lakini Mgogoni neno lile halihitaji kelele. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, na upepo ulikuwa umebadilisha harufu. Karafuu iliyoanikwa ikinyeshewa huharibika rangi, na kazi ya wiki nzima hubaki takataka. Pemba mvua ikikukuta njiani na karafuu za mtu ziko juani, huulizi ni za nani. Unaingia, unaanua. Salamu huja baadaye.

Kwaya nzima ilitoka mbio. Wavuvi wawili waliokuwa wakipita na samaki zao waliweka mizigo chini wakaingia kazini. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikunja buibui lake kiunoni, akashika jamvi na mwenzake. Baba alisimama katikati, akielekeza kwa fimbo. "Lile dogo kwanza. Hilo likunjwe, lisibebwe. Taratibu, taratibu, mnamwaga."

Likabaki jamvi kubwa, lile lililobeba karafuu zilizokauka vizuri kuliko zote. Hilo halikunjwi. Hubebwa na watu wanne, kila mmoja pembe yake, na likiinama upande mmoja kila kitu humwagika. Koplo Shekiondo alishika pembe moja. Mimi nikashika ya pili. Rwezaula akashika ya tatu. Wengine wote mikono yao ilikuwa imejaa.

Baba aliitupa fimbo, akashika ya nne.

"Mzee, mguu wako," alisema Rwezaula.

"Mguu ni wangu, dresa. Jamvi ni la Bi Mwatum. Inueni."

Tuliinua. Matone ya kwanza yalianguka, mazito, moja moja. Baba na Rwezaula walikuwa mbele, mimi na Koplo nyuma, na mteremko ule ambao kila siku niliupanda bila kuuona, siku ile ulikuwa mlima. Rwezaula alikuwa na miguu mirefu. Angeweza kufika ghalani kwa pumzi moja. Nilimwona anaanza kuvuta, jamvi likainama upande wa baba, karafuu zikateleza.

"Subiri," alisema baba.

Rwezaula akasimama. Sote tukasimama, mvua inatupiga. Baba alivuta pumzi, akaweka sawa ule mguu wake, na ndipo nilipomsikia. Alikuwa anaimba, chini chini, karibu bila sauti. Mstari mmoja. Akapanda hatua kadhaa nao. Mstari ulipokwisha akasimama, akavuta pumzi. Mstari mwingine, hatua kadhaa. Akasimama.

Rwezaula aligeuza uso, akamtazama. Nilimwona macho yake yakibadilika. Hakusema neno. Mstari wa tatu ulipoanza, hatua zake zilikuwa hatua za baba. Mguu mrefu ukajifupisha. Jamvi likatulia, limenyooka kama maji ndani ya sinia. Mstari ulipokwisha alisimama kabla hajaambiwa, akangoja, na alipongoja alishusha pembe yake kidogo ili uzito uje kwake.

Baba aliuhisi ule uzito ukitoka mkononi mwake. Alimtazama mara moja, pembeni, akaendelea kuimba.

Tuliingia ghalani na karafuu zote. Nje mvua ilimwagika kana kwamba mtu amefungua mlango. Koplo alikaa chini hapo hapo, akaegemea gunia, akasema kwa yeyote atakayemsikiliza, "Mimi niliapa kulinda raia na mali zao. Sikuambiwa mali yenyewe ina uzito huu." Wavuvi walicheka, Bi Mwatum akaanza kuwagawia watu kahawa, na samaki wao akawafunika kwa majani ya mgomba wasinyeshewe.

Rwezaula alipiga magoti sakafuni mbele ya baba. Nilidhani ataomba radhi tena, nikaogopa. Lakini aliushika ule mguu mbovu, kama dresa, akaanza kuukanda.

"Mzee," alisema, "huko kwenu mliuimba wimbo ule mkipanda?"

Baba alitazama mlangoni, kule kwenye mteremko.

"Tulibeba mawe," alisema. "Kanisa letu lipo juu ya mlima, mawe yapo chini mtoni. Nilikuwa mdogo. Watu wazima walikwenda mbele, sisi watoto na vikongwe tulikuwa nyuma. Waliimba mstari, wakapanda. Mstari ukiisha walisimama mpaka wa mwisho afike. Ndipo wanaanza mwingine. Hakuna aliyeachwa nyuma siku ile. Hata bibi yangu, alibeba jiwe dogo kama andazi, na watu wote wale walimsubiri." Alisugua goti lake. "Kanisa likaisha kujengwa. Wimbo ukabaki unasubiri. Sisi hatukuubadilisha."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Rwezaula hakuinua kichwa.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

"Sikuuliza, mzee. Nilidhani mimi ndiye niliyefika, nawe umepotea." Aliendelea kuukanda ule mguu, polepole. "Kesho uanzishe wewe. Kwaya itasubiri."

Baba aliuvuta mguu wake, kwa upole, akaufunika kwa shuka. "Sina pumzi tena ya mambo hayo, dresa," alisema. "Nyinyi mnaimba vizuri." Akasimama, akatoka kwenda kutazama mifereji.

Rwezaula alinitazama. Katika macho yake nilisoma Jumanne, na meli, na bahari. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa bado sijamaliza.

*

Asubuhi ya Jumapili jua lilitoka limeoshwa. Ghala lilikuwa limefagiwa, na juu ya meza ya baba Bi Mwatum alikuwa ameweka chupa yenye maua ya asumini, kisha akajitia shughuli mlangoni kana kwamba maua yalijileta yenyewe. Watu walijaa mpaka juu ya magunia. Nywele zetu, nguo zetu, vitabu vyetu, vyote vilinuka karafuu.

Baba aliongoza sala. Alisoma Neno. Akasema machache juu ya watu wa zamani waliotaka kila mtu, hata mnyonge, aweze kumwimbia Mungu kwa lugha ya mama yake. Kisha akasema, "Tuimbe," akaitazama kwaya, akakaa.

Rwezaula alikuwa mbele na kifilimbi mkononi. Hakukipuliza. Alimtazama baba, baba akatazama sakafu. Kimya kikaanza kuwa kirefu. Watu wakakohoa. Koplo Shekiondo alijikuna shingo. Kama Rwezaula angeanzisha, ingekuwa Pentekoste tena. Asipoanzisha, ibada ingekwama, na baba angesema kijana amemtia aibu mara ya pili.

Mwanamke hakuwahi kuanzisha wimbo katika ghala lile. Hakukuwa na sheria. Hakuna tu aliyejaribu.

Nilisimama.

Sauti niliishika kama ninavyoshika pembe ya jamvi. Nilianzisha kwa tuni ya Upare, polepole, mstari wa kwanza wote, peke yangu. Mwisho wa mstari nikasimama.

Nikasubiri.

Rwezaula aliinua mkono wake juu, kiganja wazi, akaizuia kwaya. Hakuna aliyevuta pumzi. Nilimtazama baba yangu kichwani, pale mvi zinapoanza, na nikasema moyoni: baba, wote tumesimama, aliyebaki chini ni wewe, hatuanzi mwingine mpaka ufike. Nje kuku alilia. Bi Mwatum aliacha ufagio.

Nilikuwa tayari kusimama pale mpaka jioni. Nilikuwa tayari kusimama mpaka Jumanne.

Baba aliinua kichwa. Aliniona. Akamwona Rwezaula, mkono bado juu, jasho linamshuka kwenye shavu naye hajifuti. Akashika ukingo wa meza, akasimama juu ya ule mguu wake, na mstari wa pili ukatoka kwake, mnene, wenye kutu kidogo, kama mlango wa zamani unaofunguka.

Mkono wa Rwezaula ukashuka, na kwaya ikaingia chini ya sauti ya baba, sauti zote nne, imejipanga kwa hatua zake. Mwisho wa mstari walisimama wote. Wakasubiri. Baba akavuta pumzi, akaendelea. Sijasikia tena wimbo ukiimbwa vile. Nilikuwa nalia na kuimba pamoja, na Koplo Shekiondo alikuwa ananguruma pembeni yangu akitafuta leso yake, ambayo nilikuwa nayo mimi.

Kabla ya ubeti wa mwisho baba aliinua fimbo.

"Huu uimbeni kwa tuni ya Bukoba," alisema. "Mimi siijui vizuri. Nitakuwa nyuma." Akaishusha ile fimbo. "Mnisubiri."

Basi tukamsubiri. Alichelewa kila mstari, na kila mstari Rwezaula alisimama mpaka akafika.

Baada ya baraka watu walisimama mlangoni wakisalimiana. Baba alimwita Koplo.

"Afande, ile chai ya Alhamisi mliimaliza?"

"Tuliimaliza, mzee. Niliogopa kubakiza."

"Jioni ipo nyingine. Njoo na yule mwenzako."

Koplo alijinyoosha. "Nije na sare au bila sare?"

"Njoo na maneno yale yale. Mimi nitakuwa na mengine." Kisha baba akanigeukia mimi, na sauti yake ikapungua. "Atakwenda Unguja. Utamsubiri?"

"Nitamsubiri, baba."

"Na yeye atasubiri, mpaka mavuno yaishe, mpaka mchungaji aje. Ndoa yako itafungwa hapa, mama yako asikie." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kupima mzigo akaona unabebeka. "Umesimama vizuri leo. Mama yako angesimama hivyo."

Kabla sijapata jibu Bi Mwatum alipiga makofi. "Mungu mmeshamwimbia, Naye kashasikia. Jua lile mwataka lianike nini kama si karafuu zangu?"

Watu walicheka, wakaanza kutoa majamvi. Likabaki lile kubwa. Koplo alikunja mikono ya shati, akashika pembe yake. Mimi nikashika yangu. Baba akainama, akashika ya kwake, akatazama ile iliyobaki, kisha akatazama mlangoni ambako yule kijana alikuwa amesimama na kofia mkononi, hajui kama ameitwa au hajaitwa.

Tangu kijana yule afike Pemba, baba hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Rwezaula," alisema. "Pembe yako hiyo."

Akaja, akaishika. Tuliteremka mlima mdogo ule wanne kwa pamoja, polepole, na hakuna hata karafuu moja iliyoanguka.